Siku ya Maji Machache Chemosit

Roret,
12 Februari 2025

Dada yangu Mellen,

Basi kama nilivyokuwa nikikwambia pale darajani kabla pikipiki haijaninyakua, ndoa ni tamu! Lakini ngoja kwanza nikusalimu kwa adabu. Chamgei? U mzima? Mabega yameacha kuuma kwa kupiga kasia? Mimi ni mzima kabisa, mgonjwa ni simu yangu. Ilikunywa maji ya mto, nikaifukia ndani ya mchele, na hadi leo haijawaka. Ndiyo maana unaona karatasi. Ataileta Vinny anayepeleka maziwa Kericho.

Mellen, Jumapili ile ya mto Chemosit sitaisahau! Maji machache, mawe yametokeza migongo kama ng'ombe waliolala, na Kipkurui mwenye kayaki anatucheka: "Leo mmekuja kuteremka mto au kuosha viazi?" Tulipokwama kwenye lile jiwe bapa nilifurahi, kwa sababu nilipata nafasi ya kukusimulia. Jinsi Aron anavyoamka kukamua ng'ombe ili mimi nilale. Jinsi anavyoniita ua lake la chai. Nawe ukasema, "Ua la chai? Chai ikitoa maua, hilo ni shamba lililotelekezwa!" Nilicheka hadi nikapinduka, na maji yenyewe yananifika magotini!

Halafu kufika darajani, nani yule? Aron! Ametoka Roret bila kuitwa, amekumbatia sweta yangu kavu. Ulianza kusema, "Chepngetich, Mama ali..." nami nikakukumbatia, nikapanda pikipiki yake. Mwambie Mama namsalimia sana. Nitakuja siku nikitulia.

Ni mimi dada yako, mke wa mtu,
Chepngetich


Nyamira,
3 Machi 2025

Dada Chepngetich,

Barua yako imenifuata hadi huku, kwa mkono wa jirani yetu wa laini, zile nyumba za wachumaji chai, aliyekuja huku kwenye mazishi ya ndugu yake. Sisi hatujambo. Mama ni mzima, ila miguu. Wewe na mumeo mko salama? Natumaini amekutafutia jina lingine.

Hatupo Kericho tena. Mashine za kuchuma chai zilipofika upande wetu, wachumaji wa umri wa Mama waliachishwa, na nyumba ya laini ikatakiwa. Siku ya mto ilikuwa Jumapili yetu ya mwisho pale. Nilikualika makusudi, ili tukitoka majini nikupeleke nyumbani. Mama alinikataza kukwambia, alitaka ushtuke kwa furaha. Alikuwa amepika kuku na mboga ya chinsaga, na amekusukia ekee, kile kikapu cha kupakulia ugali wa wimbi. Kwetu mama humpa binti yake anapoolewa, na humkabidhi kwa mkono wake mwenyewe. Haitumwi. Wewe umekula kwake tangu kidato cha kwanza, mvua ikikuzuia kurudi kwenu. Anakuhesabu wake.

Utauliza kwa nini sikusema. Pale kwenye jiwe ulikuwa unaongea, na furaha yako niliona haya kuikata. Pale darajani pikipiki ilikuwa imeshawashwa. Nani anamshusha bibi harusi kwenye pikipiki ya mumewe? Nikaipigia simu yako, kumbe imelewa maji. Namba ya Aron sina.

Nilimkuta Mama amevaa kitambaa chake cha kanisa. Akaniuliza, "Yuko nyuma?" Nikasema umechoka. Akafunika chakula, akasema tungoje kidogo, huenda ukapumzika ukaja. Tulingoja hadi ugali ukawa mgumu. Kesho yake lori likaja kutuchukua, na ekee akaipakata mwenyewe njia nzima.

Sijaandika ili nikuumize. Sikutaka tu uendelee kutuma salamu kwenye nyumba isiyo na mtu.

Dada yako,
Mellen


Roret,
9 Machi 2025

Dada Mellen,

Sijui nikusalimu vipi. Nakuuliza miguu ya Mama: inavimba, au inauma tu? Anaweza kutembea hadi kanisani? Nawe unalala vizuri?

Nilisoma barua yako jikoni, Aron akadhani kuna aliyekufa. Nilipomweleza akasema, "Mimi ndiye niliyekuja na pikipiki." Nikamwambia, "Wewe ulikuja. Mimi ndiye niliyepanda."

Mchana kutwa tulikuwa mtoni. Uliniuliza habari za mama mkwe, za ng'ombe, hata za rangi ya pazia. Mimi sikukuuliza hata neno moja. Bado nampenda Aron, Mellen, bado kila asubuhi ni kama Krismasi. Sikujua tu kwamba mtu anaweza kufurahi hadi asimwone aliyeketi mbele yake.

Nakuja Nyamira. Nitakuja peke yangu, nami nitalala huko, nichote maji, nimkande Mama miguu akinikubalia. Aron amesema atabaki na ng'ombe, na mama yake akiuliza mke ameenda wapi, atajibu yeye.

Ila nakuomba, usimwambie Mama. Akijua atafunga kitambaa, atapika, atatoka nje kuangalia njia, nami sitaki aningoje tena hata kidogo. Anikute tu mlangoni. Akikasirika nitaketi nje mpaka hasira iishe. Nitakuja kabla mwezi huu haujaisha.

Dada yako,
Chepngetich