Hongera za Kupandishwa Daraja

Jumamosi, mwanzo wa Disemba. Muscat.

Leo asubuhi tumezima viyoyozi, mara ya kwanza tangu joto lilipoingia. Upepo unapita dirishani, mkavu, wenye ubaridi kidogo. Bila ya ule mvumo nyumba ina ukimya nisiouzoea. Mama akifungua kabati jikoni nasikia. Baba akikohoa huko barazani nasikia. Nadhani na wao wanasikia jinsi nisivyosema kitu.

Jana walikuja watu kunipongeza.

Nianze na Alhamisi. Nilikuwa ofisini, mtaa wa Ghala, ninakofanya kazi ya uhandisi siku ambazo siko kwenye mbio za magari, ujumbe ukaingia kwenye simu: kuanzia msimu ujao daraja langu la udereva limepandishwa, kutoka fedha kwenda dhahabu. Nilishuka nikakaa ndani ya gari langu pale maegeshoni, sikuliwasha. Nilitaka kumwambia mtu kabla sijafikiri. Nikampigia Mama, nikasema maneno mawili tu, wamenipandisha daraja.

Mama alipiga kigelegele mle mle simuni. Kabla ya Magharibi ukoo mzima ulikuwa unajua.

Siwezi kuwalaumu. Sisi ni watu wa serikali. Baba alikaa wizarani mpaka akastaafu, Ami hali kadhalika, na shangazi yangu ni mwalimu mkuu. Kwetu mtu akipanda daraja maana yake ni moja: mshahara umeongezeka, meza imekuwa kubwa, na watu watakuja Ijumaa kunywa kahawa na kula halwa. Hakuna hata mmoja katika familia hii aliyewahi kupanda daraja akapoteza kazi.

Mimi ndiye wa kwanza.

Nataka kulieleza hapa, kwa kuwa hapa hakuna wa kunikatiza. Katika mbio za magari ya spoti, gari moja huendeshwa kwa zamu na watu wawili au watatu. Anayelipia kila kitu, gari lenyewe, tairi, mafuta, mafundi, hoteli, na bodi likigongwa, mara nyingi ni mmoja wa madereva hao hao: tajiri anayependa mbio. Yeye huwekwa daraja la shaba. Vijana kama mimi ni fedha. Wale wanaoishi kwa kazi hii ni dhahabu. Sheria ya kundi letu inamruhusu tajiri kuendesha pamoja na fedha, si dhahabu, ili timu yenye pesa isinunue bingwa ikawaonea wenzake. Kwa hiyo kila timu inamtafuta fedha mwenye kasi ya dhahabu.

Nilikuwa huyo. Ndiyo sababu nilikuwa na kiti kwenye timu bila ya kulipa.

Sasa katika kundi letu siruhusiwi. Huko juu viti ni vya makampuni yanayounda magari, na makampuni hayo yana watu wao waliowalea tangu wakiwa watoto. Msichana wa Muscat mwenye misimu miwili tu hawamjui. Chini nimefungiwa, juu siitwi.

Tajiri wetu anaitwa Bwana Mazin, ana kiwanda cha vigae Rusayl. Ni dereva mzito, mwenye furaha, na hajawahi kunipandishia sauti hata siku ile nilipolikwaruza gari lake jipya kwenye ukuta. Jana alinitumia maua. Akapiga simu, akasema kwa Kiarabu chake cha adabu kwamba ananionea fahari, na kwamba moyo wake umevunjika. Maua yakawekwa katikati ya majlisi ya wageni. Wanawake wote wakayanusa.

Nilikaa karibu na Bibi, mama yake Baba, nimevaa ile nguo ya kijani ya Idi. Shangazi Thuraya aliuliza mshahara utakuwa kiasi gani, kisha akajijibu mwenyewe kwamba hayo hayaulizwi, kisha akauliza tena. Mmoja akasema dhahabu nishaipata, alobaki ni bwana. Wakacheka. Bibi akasema nnavyomjua huyu atamwacha bwana nyuma kwenye kona ya mwanzo. Wakacheka zaidi, na mimi nikacheka, kwa sababu Bibi akitania mtu hawezi kununa.

Binti ami yangu alikuwa anamimina kahawa. Kwetu hujasema basi mpaka utikise kikombe. Nilisahau kutikisa. Akaja akamimina, nikanywa, akaja tena, nikanywa, mpaka akaniinamia sikioni akaniuliza kama ninataka nikeshe wiki nzima.

Halwa sikuila. Timu hupima uzito wa dereva kama inavyopima mafuta, na mkono wangu ulikataa wenyewe, kwa mazoea, kwa ajili ya kiti ambacho si changu tena.

Halafu Mama, akiwa anasogeza sinia, akasema kwa sauti ya chini, nusu mzaha, "Labda na sisi sasa tutajenga."

Ami, aliyekuwa amekaa karibu na mlango, alijifanya anatafuta tasbihi yake.

Tulikuwa na kiwanja Al Amerat. Baba alikipata zamani, na Mama alikwishaamua mlango wa jiko uelekee mlimani ili akipika aone mawe yanavyobadilika rangi. Nilipokuwa na miaka kumi na tisa nilipata nafasi ya kuingia mbio za magari madogo ya kiti kimoja, yale yenye magurudumu yaliyo wazi. Ni ngazi ambayo kila dereva lazima aipande, na katika ngazi ile dereva ndiye anayeilipa timu. Baba aliuza kiwanja. Nilidhani kitanibeba mpaka juu. Kiwanja chote, jiko na mlima wake, kilitosha msimu mmoja usiofika mwisho. Tairi zinaliwa kwa siku moja. Ukivunja pua ya gari asubuhi, mchana unalipa nyingine. Tulibaki ghorofa ya juu ya nyumba ya Ami, na mpaka leo tuko hapa.

Mama hajawahi kunisema. Tukipita njia ya Al Amerat yeye hugeukia dirisha la upande wa pili.

Naandika haya nikijiona mnyonge. Kuna watu wana shida za kweli. Lakini sijui mtu hata mmoja katika mji huu ambaye naweza kumpigia nikamwambia nimeshinda mno. Wenzangu wa mbio wako Ulaya, na nusu yao sasa hivi wanakitaka kiti changu. Rafiki zangu wa chuo wana watoto. Wananipenda, wananitumia mioyo kwenye simu. Wao wanajua niko kwenye magari, basi.

Njia ilikuwepo moja, na inafungwa kesho.

Meneja wa timu, Mwingereza mmoja anayesema haraka, alinipigia Alhamisi hiyo hiyo. Kuna rufaa. Dereva anaweza kuomba arudishwe chini akieleza kwa nini kasi yake haikuwa yake. Bwana Mazin ananisubiri mimi, hataki mtu mwingine. Rufaa ikipita nitaendesha msimu ujao. Ni kuandika tu kwamba zile nyakati zangu za mzunguko kwenye mbio za Abu Dhabi, zilizowafanya wanipandishe, zilitokana na tairi mpya. Yeye atatia saini chini yangu. "Andika mpya," aliniambia. "Nani atakumbuka?"

Mimi nakumbuka.

Zamu ya mwisho ya mbio zile, zilizodumu muda wa saa sita, hatukuwa na tairi mpya hata moja. Mgao wetu ulikwisha, Bwana Mazin alikuwa amezichoma mbili kwa kufunga breki. Nikafungiwa zile zilizotumika asubuhi, zimeshatiwa alama ya chaki, zimeshapauka kingo. Tairi kuukuu hazitaki nguvu. Unageuza usukani kama unavyomgeuza mtoto aliyelala, unaachia breki kidogo kidogo, na ukikosea mara moja zinakwisha. Sikukosea. Nyakati zikawa zinashuka, kila mzunguko mwepesi kuliko uliopita, na meneja akaniita kwenye redio akasema punguza, wameshakuona, inatosha. Nilijua anamaanisha nini. Alikuwa ananilindia daraja langu. Madereva wengi wa fedha hufanya hivyo, huendesha huku wamejizuia, msimu baada ya msimu, wasije wakaonekana.

Sikupunguza. Kwa mara moja nilitaka kujua mimi ni nani.

Basi nimejua. Na leo asubuhi nimekaa mezani kuandika kwamba si kweli. Niliandika kwa Kiingereza kizuri, nina shahada, naweza. Niliandika kwamba mimi bado ni dereva wa wastani. Niliandika kwamba gari lilikuwa jepesi. Nilipofika kwenye tairi nikaandika lile neno, mpya, nikalitazama mpaka chai ikapoa. Maskini, kama ningekuwa sijui kuandika ingekuwa rahisi zaidi.

Sikulifuta. Nataka kusema ukweli hapa: nilikuwa nitaipeleka. Kidole kilikuwa pale pale, kwenye kitufe cha kutuma. Kiti ni kiti. Bila kiti mimi ni mhandisi wa Ghala mwenye helmeti kabatini.

Baada ya Alasiri nilishuka barazani. Baba alikuwa anakula halwa ya jana kwa kidole, jambo ambalo Mama humkataza. Nikakaa kwenye ngazi, nikamwambia yote, kuanzia ujumbe wa Alhamisi mpaka rufaa. Nilisema nikitazama kandambili zake.

Hakunikatiza. Alipangusa kidole kwa karatasi, polepole, kila kiungo. Nilingoja aniulize pesa, au aniulize kiwanja. Alikuwa Abu Dhabi siku ile, alisimama nyuma ya ukuta wa mafundi amevaa vizibo vya masikio vilivyomzidi ukubwa, na sikujua alikuwa anaangalia nini.

"Zamu yako ya mwisho," alisema, "si walikufungia zile za asubuhi? Zile zenye chaki nyeupe?"

"Ndizo, Baba."

"Basi usiandike mpya."

Sikuwa na hakika kama amenihurumia au amenihukumu. Ningependa angesema kwamba kiwanja hakina neno. Hakusema, na namheshimu kwa hilo, kwa sababu kina neno.

Simu yake ikalia. Alikuwa mwenzake wa zamani wa wizarani, sauti kubwa, nilimsikia kutoka pale nilipokaa: mabruk, mabruk, tumesikia binti kapanda. Baba alinitazama. Mtu huyu hajawahi kusema uongo mbele yangu, hata wa kumkimbia mgeni.

"Alhamdulillahi," alijibu. "Ndiyo. Kapanda."

Kisha akauliza habari za watoto wao, za mgongo wake, za mvua zilizotabiriwa, akaagana naye kwa dua ndefu kuliko kawaida. Akanisogezea bakuli. Nilichota halwa kwa kidole kama yeye. Ilikuwa tamu mno, ina zafarani nyingi, na nilichota tena.

Nimepanda juu nimeifuta rufaa. Kesho Jumapili nitakuwa Ghala, na saa ya mwisho itapita nikiwa kwenye mkutano wa mabomba. Bwana Mazin nitampigia mwenyewe asubuhi. Anastahili kusikia kwangu. Baada ya hapo sijui. Nitaandika kwa timu za juu, zote, na nitawaambia tairi zilikuwa za asubuhi. Pengine kuna mtu mmoja huko atakayeelewa maana yake.

Sasa hivi nasikia vyombo jikoni. Mama anaosha vikombe vya jana, vile vya wageni, na anaimba, kitu ambacho hafanyi mara nyingi. Baba yuko huko chini, kimya.

Tangu Alhamisi nilikuwa naitikia hongera peke yangu. Sasa tuko wawili. Na bado hatujaulizana nani atamwambia Mama.