Kalisti Tarimo na Jina Lake Chini ya Barafu

Mwaka umetimia, Baba, na siku kumi na nne juu yake, tangu moyo wako usimame asubuhi ya tarehe tisa Juni 1998. Tangazo hili limechelewa kwa makusudi. Mama alisema tusiandike neno mpaka barafu mpya ya Rockville iwe imetandikwa, nasi tulimtii.

Tulikurudisha Rombo. Ombeni, mdogo wako, alisafiri na jeneza lako mpaka nyumbani, ukazikwa kihambani, kwenye shamba la migomba la ukoo, hatua chache kutoka mlango wa mama yako. Ndivyo ulivyostahili. Lakini sisi wa huku tulibaki bila mahali pa kusimama. Majirani zetu hubeba maua Jumapili kwenda makaburini kwao. Sisi tuna picha yako juu ya televisheni.

Ulikuja nchi hii mwaka 1979 kuwa dereva wa ubalozi. Kazi hiyo ilipokwisha ukapata nyingine katika ukumbi wa barafu wa Rockville, ule ulio nyuma ya maghala, ukifagia mabenchi. Haukupita muda ukawa unaendesha lile gari kubwa linalolainisha barafu, na hakuna aliyegusa tena usukani wake bila ruhusa yako. Wachezaji walikuuliza mtu wa Afrika ameyajulia wapi mambo ya barafu. Uliwajibu bila kucheka, "Nimezaliwa chini yake. Ninyi mnaitengeneza kwa umeme, sisi tunaiona mlimani kila tukifungua mlango."

Ulinoa viatu vya wembe vya kutelezea barafuni kwa kusikiliza. Ulisema chuma kikishakuwa tayari hubadilisha sauti, na hukuwahi kumrudishia mtu kiatu kabla sauti hiyo haijaja, hata kama timu yake ilikuwa imeshaingia uwanjani. Mchezaji akija bila glavu ulimpa zako, kisha ukazunguka umeweka mikono kwapani. Jumapili ulimaliza barafu ya alfajiri ukaja moja kwa moja kwenye misa yetu Oxon Hill, viatu vikiwa vimelowa, ukakaa benchi la nyuma kabisa ili usiache michirizi ya maji mbele ya watu.

Klabu ya magongo ya barafuni ya Herons, uliyoiita Korongo mpaka wenyewe wakaizoea, ilianza mwaka 1981 na watu sita. Watano walikuwa na magongo. Wa sita alikuwa na ufunguo. Bila wewe kufungua ule mlango saa kumi na moja alfajiri, saa ambayo hakuna timu nyingine iliyoitaka, wanaume wale wangeendelea kufukuzana na kisahani cha mpira kwenye maegesho ya magari. Magoli yao ya kwanza uliyachomelea wewe kwa mabomba chakavu, na nyavu ulizishona wewe. Wewe ndiye uliyepanga zamu za kufua jezi. Wakigombana nani acheze mbele na nani akae benchi, walikuja kwako, kwa sababu wewe hukuwa na ndugu kikosini.

Sasa nitasema kilichonichoma. Mwezi Aprili mwaka jana klabu ilichapa kijitabu cha historia yake. Ukurasa wa kwanza una picha ya 1981, na chini yake majina matano, kutoka kushoto kwenda kulia. Wewe ni wa sita. Umeshika ndoo, unacheka. Mahali pa jina lako wameandika: mfanyakazi wa ukumbi. Ulikileta kijitabu hicho nyumbani kwa furaha utuonyeshe jinsi ulivyokuwa mwembamba. Nilikuuliza jina lako liko wapi.

"Ndoo imetoka vizuri," ulisema.

Siku nne baada ya kifo chako, nyumba ikiwa imejaa watu wa msiba, alikuja Peterson, katibu wa klabu, amevaa tai. Alieleza kwamba wana desturi yao. Kila Juni barafu ya zamani huyeyushwa na nyingine kutandikwa, maji kidogo kidogo, tabaka juu ya tabaka. Kabla ya tabaka za mwisho, jina la mwanachama aliyefariki mwaka huo huandikwa kwa rangi mbele ya benchi la wenyeji. Kisha hufunikwa kwa barafu, na timu hucheza msimu mzima juu yake. Ingawa hukuwa mwanachama, alisema, wangependa kukupa heshima hiyo.

Nilimtafsiria Mama. Akaniuliza mara mbili kama nimesikia sawasawa.

"Wamkanyage? Kwa vyuma?"

Kwetu kaburi halirukwi wala halikanyagwi, na mtoto anayecheza juu yake huchapwa. Lakini nisijifiche nyuma ya mila, Baba. Kijitabu kilikuwa mfukoni mwangu, na kilichosema siku ile kilikuwa kijitabu. Nilimwambia Peterson kwamba jina waliloshindwa kuliweka kwenye karatasi hawatalipata chini ya miguu yao. Akatuomba radhi kwa usumbufu, akaondoka bila kumaliza chai.

Sikutosheka. Kesho yake niliandika ubeti, nikaubandika kwenye mlango wa ukumbi. Niliuandika kwa Kiswahili, niwatukane kwa lugha ambayo kwa miaka kumi na saba hawakuona haja ya kukuuliza hata salamu yake:

Mmekula jasho lake, mkabakisha mifupa,
Leo mwataka tuweke, jina chini kama chupa,
Jina letu tulishike, hatutaki mlotupa,
Barafu ni maji tupu, Juni haitawajua.

Barafu ikatandikwa bila jina lako. Msimu ukachezwa kuanzia Septemba mpaka Machi, na mimi nikatembea kifua mbele kwamba nimekutetea.

Simiyu hakuwapo wakati huo. Wasomaji, huyu ni Mkenya wa Webuye ambaye Baba alimfundisha kuendesha gari la barafu. Alikuwa kwao akimuuguza mama yake, akarudi Aprili mwaka huu. Alikuja kutupa pole, akanywa chai, akaweka kikombe chini.

"Wee Ezekiel," akasema, "kwani ni nani aliwakataza kuandika jina la mzee?"

Nikamwambia ni mimi.

"Na ile karatasi ya mlangoni?"

Nikamwambia na hiyo ni mimi.

"Unajua iko wapi saa hii? Iko ndani, kwa chumba cha kuvalia. Wameiweka fremu na kioo. Wanadhani ni maombi ya mazishi. Kila mchezaji anaigusa kabla aingie kwa barafu." Akatikisa kichwa. "Umewatusi vizuri, bwana, mpaka wamekushukuru."

Vumilia, dada yangu, alicheka mpaka akatoka chumbani. Mama naye alicheka, mara ya kwanza tangu utuache. Simiyu hakucheka. Alisubiri tumalize, ndipo akatuambia yaliyobaki.

Majina chini ya barafu uliyaanzisha wewe. Mwaka 1986 alikufa golikipa wa klabu, Nehemiah, mtu asiye na jamaa wa kumlilia, na hakuna aliyejua la kufanya. Wewe ulivua viatu, ukaingia kwenye sakafu nyeupe kwa soksi, ukapiga magoti na brashi ndogo, ukaandika jina lake. Tangu hapo yameandikwa majina tisa, yote kwa mkono wako. Simiyu aliwahi kukuuliza kama si mwiko kukanyaga jina la maiti.

"Akaniambia hivi," Simiyu alisema. "Kwetu mtu anazikwa kihambani, pale mama anapopita na mzigo wa majani na watoto wanakimbizana. Hawamkanyagi, lakini wanampitia karibu, anasikia miguu yao. Asiyepitiwa na watu ndiye aliyetupwa."

Mama alimuuliza kwa nini hukutuambia.

"Alikuogopa wewe, mama."

Basi, Baba, nilikunyima kwa jina lako kitu ulichokibuni kwa mikono yako. Nalisema hili hadharani ili lisibaki kunong'onwa. Lakini sitalibeba peke yangu. Peterson alikaa kwenye kochi letu akasema "tuna desturi yetu," kana kwamba desturi hiyo ilidondoka kutoka darini. Alikuona ukipiga magoti miaka yote ile. Sentensi moja tu ingetosha: baba yako ndiye aliyeianzisha. Hakuisema, na naamini hakuificha. Haikumjia tu, na hilo ndilo baya zaidi. Na wewe pia, Baba, ulinyamaza mno. Ulitufundisha kusema kweli, ukafa na kweli yako mdomoni.

Mama alikaa na maneno ya Simiyu siku mbili. Siku ya tatu akaniambia niende nikaombe.

"Nikamwombe nani, Mama?"

"Uliyemfukuza."

Mkutano wa klabu ulifanyika Jumamosi ya kwanza ya Juni, saa nane mchana, wanachama wamekaa kwenye mabenchi ya chumba cha kuvalia. Vumilia alikuja nami. Peterson alifungua daftari la mikutano akasoma: familia ilipewa nafasi, familia ilikataa. Kanuni yao, kumbe, ni kwamba lililokataliwa halirudi mpaka aliyelikataa aje mwenyewe mbele ya wanachama. Nikasimama. Nilikuwa nimetayarisha maneno machache na makavu. Kabla sijafungua mdomo, Peterson akaniomba kwa upole nianze kwa kuwasomea ile sala ya ukutani, kwa kuwa siku zote walitamani kujua maana yake.

Wote wakainamisha vichwa.

Ningeweza kuisoma kwa Kiswahili, nikaitikia amina, nikapata nilichotaka. Vumilia alinifinya mkono, akaniambia kwa Kiingereza, kwa sauti ya chini, kwamba nikidanganya atatafsiri yeye. Kwa hiyo nilisoma, kisha nikatafsiri, mstari kwa mstari, nikiwatazama. Vichwa viliinuka kimoja kimoja.

"Tumeigusa mwaka mzima," Peterson alisema.

Dunstan, mzee kuliko wote na mmoja wa wale watano wa kwenye picha, alianza kucheka akaishia kukohoa. Alipopata pumzi alisema, "Mstari wa kwanza ni kweli." Nilingoja aendelee. Nilingoja yeyote aendelee.

Ndipo nikasema nililoendea: kwamba nilikosea, kwamba desturi hii ni yako, kwamba tunaomba uandikwe. Niliomba msamaha kwa watu ambao nilikuja nikitaka wao ndio waniombe. Nilitaka mmoja wao aitaje ile picha, ataje ile ndoo. Hawakuitaja. Wao hupiga kura kwa kugonga magongo sakafuni, nao waligonga, kwa nguvu, wote, na nakiri kwamba kishindo kile kiliniingia kifuani. Lakini kijitabu kiko vilevile hadi leo. Tulipokuwa tunatoka, Peterson aliishusha fremu yangu akaiegemeza kwenye ukuta, kioo kikitazama ndani.

Jana alasiri tulikwenda sote. Sakafu ilikuwa nyeupe tupu, mistari myekundu na ya buluu imeshachorwa. Mama hakuwahi kuingia humo miaka yote uliyofanya kazi. Alivaa koti la baridi na kanga juu yake, na alipofika kwenye geti akavua viatu bila kuambiwa na mtu. Simiyu alinipa brashi. Nilikuwa nimeshapiga magoti Mama aliponishika bega.

"Nipe hiyo. Wewe umeshaandika ya kutosha."

Aliandika KALISTI, kwa herufi kubwa, zilizolala upande kidogo kama mwandiko wake wa barua. Simiyu alipomkumbusha jina la ukoo, alisema wanaohitaji jina la ukoo ni watu wasiokujua. Vumilia alikuwa ameshika kopo la rangi, analia bila sauti.

Kazi ya kufunika niliachiwa mimi. Maji hayamwagwi, hunyunyizwa mithili ya ukungu, la sivyo rangi husambaa na jina huharibika. Simiyu alinionyesha jinsi ya kubana mdomo wa mpira wa maji. Nilikunyunyizia polepole, nikangoja maji yagande, nikanyunyizia tena, mara nyingi nisizozihesabu. Jina lilianza kuzama, likaonekana kama linatazama kutoka nyuma ya dirisha. Simiyu akasema inatosha, mashine itamalizia tabaka zilizobaki.

"Ongeza," Mama alisema. "Wembe usimfikie."

Nikaongeza.

Tunaokukumbuka: mkeo Flaviana, watoto wako, mimi Ezekiel niliyeandika haya, na Vumilia, mdogo wako Ombeni na watu wa nyumbani kwake Annandale, mama yako na ukoo mzima wa Tarimo, Rombo, na Simiyu, ambaye tangu jana tunamhesabu ndugu.

Iwe barafu, iwe maji, wewe ni wetu, na siku zote utakuwa kinywani mwetu.