Mbwa Wako Kimya na Yule wa Directeur

Kindu, Alunguli, tarehe 9 mwezi wa sita, 1975

Kwa yaya na mukubwa wangu Kankolongo, kule Kananga,

Jambo sana, wewe na shemeji Kanku na watoto. Niambie kama mugongo wako umepona, au bado unaamka mbele yako. Sisi huku tunapumua. Muke wangu Ngoyi anakuamkia. Mutoto wetu wa mwisho ametoa meno mawili na ameshayajaribu kwenye kidole changu. Mvua imekoma, muto umeshuka, na watu wa upande wetu tunavuka kwenda kazini bila kulowa magoti.

Barua yako imenifikia kwa mukono wa fundi wa treni. Unauliza mara ya tatu kwa nini mbwa wako Kimya, uliyeniachia ulipohama, hajapakiwa aje kwako, na unasema huko umeshapata pori lenye wanyama. Niliisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimekaa. Nitakueleza tangu mwanzo, maana habari hii ukiishika kwa mukia itakuuma.

Unamukumbuka Directeur, mukubwa wetu wa depo. Mwezi wa kumi alihamishwa kwenda Lubumbashi, na hakutaka kusafiri na Hector, yule mbwa mukubwa wa Kizungu mwenye masikio ya kusimama, ambaye Mubelgiji aliyemutangulia kazini alimwachia pamoja na nyumba na frigo. Frigo alikwenda nayo. Akaniita ofisini, akasema ameniangalia miaka mitatu, mimi ni mutu wa kuaminika, na mbwa kama huyu hawezi kuachiwa mutu yeyote tu. Chini ya kiwiko chake kulikuwa na karatasi ya kupendekeza mukubwa mupya wa magazeni, ghala yetu ya vifaa, na nafasi ya jina ilikuwa bado nyeupe. Akaongeza kwamba Hector hakubali kukaa na mbwa mwingine. Nikasema nitafikiri. Akasema nifikiri mpaka kesho.

Nyumbani tukakaa kikao. Ngoyi alisema Kimya hali chakula cha mutu, panya anajitafutia, na anajilamba kama paka hata anawashinda watoto wetu kwa usafi. Akauliza huyo mugeni anakula nini. Nikamusomea karatasi ya chakula aliyonipa Directeur: wali, na nyama kila siku. Akauliza kama huko kwenye nyama ya kila siku hakuna nafasi ya mwanamuke mumoja.

Jirani Masudi naye akaja kusimama kwenye ua. Alisema dini yake inaruhusu mbwa wa kuwinda, na tangu wewe uondoke Kimya hajatia mudomo kwenye chungu cha mutu wala hajamukatiza sala. Bali yule mwingine anamusikia kutoka ng'ambo ya muto. Akaniuliza atakuja kulinda nini kwangu, kiti? Nilijibu kwamba tumeibiwa kuku watatu, na mbwa asiyebweka ni sawa na mulinzi bubu. Masudi akasema kuku hao aliwaona mwenyewe, ndani ya sufuria, siku ya matanga ya mujomba wa Ngoyi. Hilo nililijua. Nilitaka tu kuona kama yeye analijua.

Basi Hector alivuka kuja Alunguli, amekaa katikati ya mutumbwi kama inspekteri. Wakati ule serikali ilipotuamuru kutua majina ya Kizungu, wewe Léon yako na mimi Tharcisse yangu, Directeur alijaribu kumupa naye jina la mababu. Mbwa hakugeuza hata sikio. Ni raia pekee wa Kindu ninayemujua aliyebaki na jina lake la zamani, na hakuitwa mahali popote kujieleza.

Kubweka anabweka, siwezi kumusingizia. Lakini amelelewa kwa wakubwa, yaya. Mutu akija miguu mitupu anataka kumurarua. Mutu akija na abacost, ile koti ya wakubwa isiyo na tai, na viatu anamutikisia mukia na kumusindikiza mpaka kwenye kiti. Watoto wangu, ambao viatu vyao ni vya siku ya Mungu, wakawa wanaingia kwao kwa dirisha. Wiki ya kwanza alikataa bugali na sombe ya majani ya muhogo. Sasa anakula, lakini ananung'unika, na nadhani ni kwa Kifaransa.

Na ile karatasi ya cheo ilijazwa jina la Tambwe, ambaye kwa Directeur hakupokea hata kuku wa kufuga.

Sasa nifike pale ninapozungukia. Mwezi wa kumi na moja nilikuandikia kwamba Kimya ana vidonda vya masikio na nimemupeleka kwa mutu wa dawa. Hakuugua hata siku moja. Asubuhi ileile Hector alipokuja, nilimutoa Kimya kwa Bulaimu, muwindaji wa kule Kama, pamoja na kengele yake ya mti. Mbwa alikuwa wako, na mimi nilimutoa kama wangu, kwa ajili ya cheo. Kwa hilo nakuomba musamaha.

Barua yako ilipofika niliomba siku nne, nikapanda kamyo mpaka Kama kumurudisha. Nikamukuta Bulaimu amelala. Alikwenda kujaribu bahati kwenye mashimo ya dhahabu, udongo ukamuvunja muguu, na mufupa umeunga vibaya. Anayekwenda porini ni mukewe Safi, na Kimya mbele yake; mbwa habweki, kwa hiyo yeye anafuata sauti ya kengele mpaka kwenye nyavu. Wanachokula watu sita wa nyumba ile njo hicho. Bulaimu hakubishana. Alisema mali ya mukubwa wangu ni ya mukubwa wangu, nimuchukue. Safi akaifungua kengele shingoni, akasimama nayo mulangoni. 

Kimya alinitambua. Alinifuata bila kamba mpaka kwenye kamyo, na dereva alikuwa ameshapiga honi. Yaya, nilivua mukanda wangu, nikamurudisha, nikamufunga kwenye nguzo ya nyumba yao kwa mikono yangu. Kwa hili la pili sikuombi musamaha.

Likizo yako ni mwezi wa nane. Njoo ulale kwangu, uje na viatu, na mimi nitakufikisha Kama. Mbwa ni wako, hakuna atakayekukatalia. Lakini mukanda ule, niliowaachia wamufungie jioni, utaufungua wewe mwenyewe, watu wote sita wakiwa wamesimama pale.

Musalimie shemeji, na watoto kila mumoja kwa jina lake. Masudi anakuombea heri. Ngoyi anasema mugongo upakwe mafuta ya mawese ya moto, tena usikaze kiburi. Kama umekasirika, niandikie hivyohivyo. Kunyamaza kwako njo kutanisumbua.

Mudogo wako,
Tshibangu