Sufuria ya Mchezo wa Viti

Kaltun, wamemkataa baba kuwa DJ tena!! Harusi ya binamu yangu mwenyewe, na DJ eti watamtoa mji wa Kambu.

Kisa, 1987. Nimechoka na hiyo 1987!

Si unaijua. Baba alikuwa DJ kijana wa Matinyani, akaitwa harusi huku Kilungu. Akawachezesha mchezo wa viti, zawadi sufuria kubwa. Akawapa wachezaji mgongo, macho kwa kaseti tu, ndio mtu asiseme anapendelea. Hakuona ni akina nani wamebaki wawili kwa kiti kimoja. Akazima muziki.

 

Kugeuka, mama mmoja, Nthenya, amemkalia Ndolo, mume wa binti yake. AMEMKALIA, Kaltun! Na sisi Wakamba, mama mkwe na mkwe hata mkono hawapeani.

Wazee wakamtoza baba mbuzi. Akafungasha spika zake mbio, akaenda bila kuaga. Tangu hiyo siku Kilungu hawamtaki.

Sasa leo kwa kamati ya harusi nikasimama na hasira zangu. Nikasema susu Nthenya mwenyewe, sasa ni nyanya, ndiye huyu hapa, aulizwe kama bado ana uchungu.

Akasema, "Ya kukaliana niliisamehe zamani. Mbuzi ililiwa, ikaisha. Lakini Ndolo alichomoka akatoroka. Kiti kilibaki na nani?"

Akanigeukia mimi.

"Nilishinda. Sufuria yangu iko wapi?"

Kaltun. Ni ile iliyo kwetu nyumbani, ya kupikia mahindi ya muthokoi. Ile kubwa.