Siku Mbili Kabla ya Mwezi

Tanga, Jumatano, 19 Februari 2025

Mama Kija,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima na lile goti limetulia. Sisi hatujambo. Baba yuko dukani na rangi zake na misumari yake, mama analalamikia joto. Nakuandikia maana ulisema simu hukupigia kelele tu sikioni wala husikii neno, na Rama wa bodaboda amekubali kuipitisha barua akija huko Tongoni kuchukua nazi.

Mama, nimebanwa. Unakumbuka besiboli, ule mchezo wa gongo uliosema ni kutungua makwaju pasipo mkwaju. Bado nacheza. Baba anaamini niliacha mwaka jana. Mimi ndiye mrushaji wa timu ya chuo: narusha, adui anajaribu kuupiga mpira kwa gongo, na akiukosa rafiki yangu Msafiri anaudaka nyuma yake. Msimu huu tumecheza mechi kumi na moja na tumepoteza zote kumi na moja. Mkuu wa chuo amesema tukikutana na timu ya chuo cha Dar tushinde mechi mbili kati ya tatu, la sivyo timu inavunjwa na uwanja wetu wa Raskazone unajengwa mabweni. Mbili ni Jumamosi ya tarehe mosi Machi, ya tatu Jumapili asubuhi.

Kocha wetu, Mwalimu Wilfred, alipanga hivyo kwa nia njema. Alitazama kalenda ya ofisini, akasema tumalize kabla Waislamu hawajaanza kufunga. Hata mwezi ukiwahi, watacheza wamefunga asubuhi moja tu, ya Jumapili. Wenzangu wakamshukuru, nami nikamshukuru. Lakini wewe umeishi kwetu, unajua sisi Mabohora hatungoji mwezi, tunakwenda na hesabu yetu. Ijumaa tarehe ishirini na nane tumeshafunga. Jumamosi ile, jua la utosi, uwanja mzima nitakuwa nimefunga mimi peke yangu.

Tulikuwa kumi na mmoja, tumebaki tisa, na mchezo unataka tisa. Mmoja kavunjika kifundo, mwingine kapelekwa mafunzo ya kazi Lushoto. Nikimwambia mwalimu atanikalisha kwa huruma, na timu ya wanane inahesabiwa imeshindwa kabla ya kurusha mpira. Nikila, namkosea Mungu na nyumba yetu. Sijaacha mfungo hata mmoja tangu nilipobaleghe, isipokuwa ule unaoujua. Nikifunga nikarusha, sijui mkono utanifikisha wapi. Nifanye nini?

Mwanao,
Huzefa


Tongoni, Jumamosi, 22 Februari 2025

Mwanangu Huze,

Marahaba, tena marahaba. Miye mzima. Goti ni lile lile, linanipa habari za mvua kabla ya redio. Nimempa Rama nazi mbili, hizo zako. Usiseme nyumbani zimetoka wapi.

Umeniuliza habari za kufunga, na miye si wa kuulizwa. Zile siku mbili za mwanya nazijua kuliko huyo kocha wako. Miaka kumi na miwili nimepika kwenu, na kila Ramadhani nyie mmefunga, miye mwezi wangu bado. Nikawa nala jikoni mlango nimeurudishia, natafuna polepole kama mwizi. Mwaka wa mwisho mlango ukafunguliwa. Hayo tuyaache.

Ushauri wangu, mwambie mwalimu. Mficha maradhi kilio humuumbua. Ukishindwa kabisa, basi daku kunywa uji mwingi, na ile chumvi yenu ya kuonja kabla ya kula ichovye kwa ncha ya kidole tu. Kama si zamu yako, usisimame juani kujionyesha.

Mamako,
Kijakazi


Tanga, Alhamisi, 27 Februari 2025

Mama Kija,

Shikamoo. Hujambo na goti? Nazi tumezila mimi na Msafiri hapa bwenini kwake, tamu.

Nilikwenda kwa Mwalimu Wilfred kama ulivyoniagiza. Nilifika mpaka mezani kwake. Kabla sijafungua mdomo akaniambia, "Huzefa, kama si mkono wako ningekuwa nimesharudi Muheza kulima machungwa yangu." Nikajikuta namwuliza habari za mipira mipya. Akanionyesha, imefika sita.

Kesho nafunga. Mama naye ameniambia leo kuwa Jumamosi niwe msikitini mchana, kuna kazi ya kupanga masinia ya futari. Nimemwambia nina kundi la kujisomea. Sasa nina uongo huku na uongo kule, na katikati nimesimama mimi.

Kuhusu ule mlango wa jikoni, nilitaka kuandika kitu. Rama anapiga honi.

Mwanao,
Huzefa


Tanga, Jumamosi, 1 Machi 2025, baada ya magharibi

Mama Kija,

Shikamoo. Samahani sikuulizi hali kwa urefu.

Mechi ya kwanza tumepigwa tisa kwa mbili. Kufika awamu ya nne nilikuwa naona glovu mbili za Msafiri, na narushia ile isiyokuwepo. Tulipopumzika akaja kukaa nami kivulini.

"Mbona hunywi?"

"Tumbo."

"Tumbo gani hilo linakausha midomo? Wee umefunga."

"Mwezi haujaandama."

"Kwenu huwa haungojewi," akasema, akaiweka chupa ya maji baina yetu wala hakunihimiza.

Nilikunywa, mama. Sikuzimia, hakuna aliyenilazimisha. Niliwatazama wale saba wengine wamelala majanini wameshakata tamaa, nikaichukua chupa, nikainywa yote nimesimama. Nikasikia raha. Hiyo raha ndiyo inayoniuma. Mechi ya pili tukashinda tano kwa nne, ushindi wetu wa kwanza mwaka huu, na Mwalimu Wilfred akalia kama mtoto.

Sasa sikiliza. Kuna mtu alipiga picha. Ukurasa wa chuo umeiweka: mimi nimevaa jezi, jina kifuani, chupa mdomoni, nyuma yangu ubao wa matokeo ya leo. Alasiri wateja wawili walikwenda kumwonyesha baba dukani. Baba amenipigia, amesema neno moja tu, "Njoo." Sijakwenda. Nimejificha huku bwenini na nimefuturu kwa maji ambayo hata sina haki ya kuyaita futari.

Msafiri anasema nimwachie yeye. Kesho asubuhi atakwenda kwa baba, atamwambia yeye ndiye aliyenimiminia maji mdomoni kwa nguvu nilipokuwa nimezidiwa, sikuwa na fahamu. Baba atamfokea yeye, mimi nitakwenda kucheza saa tatu, tutashinda. Ameshatoa kanzu yake ameinyoosha.

Kumwona anainyoosha ile kanzu ndiko kulikonifanya nichukue kalamu. Nilishawahi kuona mtu akijitayarisha kusema uongo kwa ajili yangu. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Ulikuwa umekwenda uani kuanua nguo, sahani yako ya muhogo wa nazi iko mezani, nikaingia nikala. Mama akanikuta mdomo umejaa. Ukatokea na nguo mikononi, ukatutazama, ukasema, "Nimempa miye, Bi Alisha, nilimwonea huruma." Nami nikameza, nikanyamaza. Ijumaa ile ulikuwa umeshafungasha. Mama alikwambia umemharibia mwanawe mfungo, na mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nasikia.

Katika barua zote nilizokuandikia miaka hii sikuwahi kulitaja. Nalitaja leo kwa sababu nakuomba ruhusa ya kulirudia. Nimwache Msafiri aende? Rama ataileta hii mara baada ya alfajiri.

Mwanao,
Huzefa


Tongoni, Jumapili, 2 Machi 2025, saa moja na nusu asubuhi

Huze,

Marahaba. Naandika upesi, Rama hajazima pikipiki. Mwezi umeandama, na sie tumefunga leo.

Mwache Msafiri aende. Wewe nenda kacheze na wenzio. Siku hulipwa kwa siku, utailipa baada ya Ramadhani. Miye yangu yalipita, niliyasahau siku ile ile. Usimwambie mamako, utamvunja moyo bure na mwezi wenyewe huu.

Mamako,
Kijakazi


Tanga, Jumatano, 5 Machi 2025

Mama Kija,

Shikamoo. Mfungo unakwendaje na goti hilo? Barua yako ilinikuta nimeshasema.

Msafiri alinisindikiza mpaka kwetu na kanzu yake. Mlangoni nikamwambia arudi, anitangulie uwanjani, nakuja. Baba alikuwa amekaa sebuleni na mama, simu ameilaza kifudifudi. Nikamwambia picha ni ya jana, maji nimeyanywa kwa hiari yangu, na mpira sikuuacha hata siku moja. Akasema, "Umemaliza?" Ilikuwa saa mbili kasoro. Ningesema ndiyo, ningefokewa nusu saa na mechi ningeiwahi.

Nikasema bado. Nikawaeleza habari ya muhogo.

Mama ndiye aliyekuja kuketi chini, pale pale kwenye kizingiti cha mlango wa kutokea.

"Kijakazi hakukupa?"

"Hakunipa."

"Alikuwa wapi?"

"Uani. Anaanua nguo."

"Nguo za nani?"

"Zetu."

Akaniambia nianze tena mwanzo. Nikaanza. Nilipomaliza akasema tena. Nimeisimulia mara tatu, na kila nikifika pale uliposema "nimempa miye" alikuwa akiweka mkono juu ya kichwa chake. Saa ya ukutani ikagonga tatu. Hakuna aliyenifungia, mama. Funguo zilikuwa msumarini mahali pake na mlango uko wazi nyuma yake, naliona jua la barabarani. Lakini kutoka ilikuwa ni kumvuka mama yangu, nami sikuweza.

Mwalimu Wilfred alingoja mpaka saa tatu na nusu. Wanane. Wale wa Dar wakapewa ushindi wakapanda basi lao. Jana wapimaji wamekuja uwanjani, wamepigilia vigingi mpaka pale ninaposimama kurusha. Msafiri nimekutana naye mara moja tu. Aliniambia, "Ungeniachia, tungecheza." Kweli wangecheza. Na wale saba wengine siwezi kuwatazama.

Mama ameniomba namba ya Rama. Sikumwuliza ya nini.

Mwanao,
Huzefa


Tongoni, Ijumaa, 21 Machi 2025

Mwanangu Huze,

Marahaba. Natumai u mzima na wazee wako wazima. Nimechelewa kukujibu, wala si goti. Nilikuwa natafuta namna ya kukwambia kuwa nilikudanganya.

Sikusahau. Kila Ramadhani zikifika zile siku mbili nilikukasirikia. Nilisema ule uongo nikidhani nitasemwa siku moja yataisha, sikujua nitafukuzwa. Nikangoja useme. Ukiwa na miaka kumi na minne nikangoja, nikasema mtoto huyu. Ulipofika kumi na minane nikangoja. Barua zako nilizifungua kila mara natafuta neno hilo, nakutana na habari za gongo. Na hata ulipoliandika, nikaogopa, nikakwambia unyamaze. Mtu akishazoea mlango uliofungwa, ukifunguliwa humtisha.

Mamako alikuja Jumapili iliyopita na bajaji. Alinishika mikono hii miwili akaniomba radhi, akalia, nami nikalia, sikumficha. Akaniomba nirudi. Nikamwambia hapana Bi Alisha, huko sirudi, ila kuja kwako hapa ni heri kwangu. Magharibi ilipoadhiniwa nikampa tende. Akatazama huku na huku, anaona haya kuuliza. Nikamsogezea kisahani cha chumvi. Nilikuwa nimekiweka tayari tangu alasiri.

Msafiri mpe muda. Ulimpotezea timu yake, usimharakishe. Miye mwenyewe yamenichukua miaka minane.

Sasa nisikilize. Idi yenu kwa hesabu yenu ni Jumapili tarehe thelathini. Sie mwezi wetu utakuwa bado, siku hiyo nitakuwa nimefunga. Njoo hiyo hiyo siku, usingoje ya kwangu. Nitapika muhogo wa nazi. Utaula jikoni kwangu mlango wazi, na miye nitakaa papo hapo nikutazame ukila.

Mamako,
Kijakazi