Kamera Ndogo ya Baba Yako

3 Februari

Baba yako amesema! Tangu kiharusi kimwangushe mdomo ulikuwa kama umeshonwa, na leo asubuhi, nikimfuta uso, ametamka neno zima: "Picha." Nimedondosha beseni. Maji yamefika mpaka chini ya kabati na sijayafuta, nimekaa kukuandikia wewe kwanza.

Sasa salamu. Hujambo, kitindamimba wangu? Kikohozi kimeisha? Hapo dukani kwenu miwani inauzika? Sisi wazima, ukiacha upande wake wa kulia ambao bado umelala. Mkono wa kushoto una nguvu, akinishika sichomoki.

Picha gani, unajua. Lile wingu la gesi angani alilokuwa akiliwinda. Nimefungua daftari lake: alipanga masaa kumi na mawili, akapata tisa, akaanguka. Yamebaki matatu. Daktari amenivuta pembeni akaniambia kiharusi kikirudi mara ya pili hatutakuwa na la kuongea. Basi masaa hayo nitayapiga mimi. Usicheke. Mimi niliyeshona sare za shule tatu bila kumpima mtoto mara mbili, nishindwe na nyota? Yule jirani tunayemwita Redio ameniuliza, "Wewe wa darasa la sita utaendesha darubini?" Nikamjibu, "Wangu amepima nusu ya barabara za mji huu, na futi nilimshikia mimi. Wako amepima nini, usingizi?" Akaenda zake.

Darubini kubwa na kamera yake ya kupigia picha hazina neno. Mota ya stendi inanguruma kama paka aliyeshiba. Shida ni ile kamera ndogo ya kuongozea, iliyo kwenye darubini ndogo mgongoni mwa ile kubwa, ile inayoikazia macho nyota moja ili mashine isiteleze anga likizunguka. Kwenye laptopu haionyeshi kitu. Nyeusi ti. Na bila hiyo kila nyota inatoka ndefu kama uzi. Wewe ndiye uliyekaa naye uani miaka yote ile. Niandikie, usinipigie. Kwenye simu unasema "Mama, taratibu," nami nasahau yote. Barua nitaibandika ukutani.

Mama yako mzazi

11 Februari

Shikamoo Mama,

Habari yako, na habari ya mgonjwa wetu? Mimi mzima, kikohozi kimekwisha. Barua yako niliisomea stoo ya duka, mlango nimefunga. Nilipotoka bosi akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia hapana, baba yangu amesema.

Sikiliza sasa. Usianze na nyota, anza mchana. Elekeza darubini ndogo kwenye mnara wa simu ulioko kilimani, ule unaoonekana juu ya ukuta wetu. Kwenye laptopu punguza muda wa kila picha mpaka mwisho, la sivyo utaona weupe mtupu. Kisha legeza skrubu ndogo ya pembeni, uivute kamera nyuma kidogo kidogo, huku ukiangalia skrini. Kuna mahali mnara utajitokeza. Hapo kaza skrubu, halafu umalizie kwa kuzungusha pete ya mbele, taratibu. Giza likiingia utarudia kwenye nyota. Ikiwa nukta moja ya duara, imetosha.

Swali moja. Kuna mtu aliyeitoa kamera hiyo? Baba aliizungushia shingoni tepu nyeusi ya mafundi umeme, ili isizame kupita pale inapoona sawasawa. Kama tepu ipo, sukuma tu mpaka ikwame kwenye tepu, kazi imekwisha.

Wingu hilo halitatungoja. Mwisho wa Aprili litakuwa linajificha nyuma ya ghorofa la jirani giza halijakolea, mpaka mwakani.

Mwanao

19 Februari

Mwanangu mpendwa,

Marahaba, marahaba. Mimi mzima wa afya. Baba yako anakula mwenyewe kwa kijiko, mkono wa kushoto, na anamwaga kidogo kuliko wewe ulipokuwa na miaka mitatu.

Barua nimeibandika ukutani na muuza maji ameisoma akasema mwanao ana mwandiko wa daktari. Nikamwambia ni zaidi ya daktari, daktari akitaka kuona anakwenda kwake.

Mnara sijaupata. Kwanza skrini ilikuwa nyeupe pe, nikapunguza muda kama ulivyosema, ikawa kijivu kama uji uliopoa. Pete nimeizungusha mpaka vidole vimeota lengelenge. Hakuna mnara. Nadhani kamera yenyewe ni mbovu tangu kiwandani, au vumbi limeingia. Kuhusu kutolewa, hakuna aliyeigusa. Nani aiguse? Nyumba hii kila kitu kina heshima yake.

Mama yako

26 Februari

Shikamoo Mama,

Natumaini hamjambo. Mimi sijambo.

Mama, kamera hiyo ilifanya kazi masaa tisa. Haiwezi kuwa mbovu tangu kiwandani. Pete ya mbele peke yake husogeza kidogo sana, kama nusu ya kucha. Ukiizungusha mpaka mwisho na huoni hata kivuli cha mnara, basi kamera imezama ndani, na kuzama haizami yenyewe. Tepu ipo au haipo? Sikuulizi kwa ubaya. Nahesabu siku.

Mwanao

6 Machi

Mwanangu,

Salamu nyingi. Kula vizuri. Leo sina maneno ya kujisifu.

Tepu haipo. Niliibandua mimi.

Baba yako alipokuwa wodini niliambiwa wakuu wake wa zamani kutoka ofisi ya ramani watakuja nyumbani kumwona akitoka. Unanijua. Nilifua mapazia, nikasugua mpaka miguu ya viti. Nikafika uani kwenye darubini. Nikaona tepu imeshika vumbi, gundi imetoka pembeni, inanata kama pipi iliyolambwa. Nikasema mbona mwanaume huyu anafunga vitu vya thamani kwa uchafu. Nikaivuta kamera, nikabandua tepu, nikafuta na kitambaa chenye sabuni, nikairudisha na kuisukuma mpaka mwisho kama kizibo. Ilipendeza. Nilijisifu kwa kila mtu.

Alipoletwa kwa kiti cha magurudumu aliomba kwa mkono nimpeleke uani. Akanyoosha mkono wake wa kushoto akapapasa shingo ya kamera, pale ilipokuwa tepu. Akapapasa tena. Kisha akanigeukia. Mwanangu, miaka thelathini na nane amenigombeza kwa chumvi, kwa kuchelewa, kwa kukaa barazani na Redio. Siku ile hakuweza kunigombeza, na afadhali angenigombeza mpaka majirani watoke.

Ndiyo maana aliposema "Picha" nilidondosha beseni. Nilikuandikia kwa furaha, na furaha ilikuwepo, lakini na hofu ilikuwepo. Nimekudanganya wewe kwa sababu sikutaka uwe wa pili kuniangalia hivyo.

Sasa nimelivua shati langu mbele yako. Niambie kama nimeua picha ya baba yako.

Mama

13 Machi

Shikamoo Mama yangu,

Hujaua kitu. Kamera isiyoona vizuri siyo kamera iliyokufa, imekaa pasipo pake tu. Baba mwenyewe aliwahi kuitoa asafishe, akasahau ilipokuwa, akahangaika wiki nzima na kuninyima hata salamu. Tulikwambia ni mawingu. Kwa hiyo udanganyifu ndani ya nyumba hiyo una wenyewe, usijipe ukubwa.

Fanya hivi. Usiifanye peke yako. Baba hawezi kusema lakini macho yake ni yale yale yaliyosoma mistari ya kipimo kutoka mbali. Mweke mbele ya laptopu, wewe simama kwenye darubini, karibu, mkono wake wa kushoto uufikie bega lako. Legeza skrubu, vuta kamera polepole. Usisimame mnara ukianza kuonekana. Endelea mpaka upotee tena, kisha urudi. Ndivyo inavyotafutwa, unapita penyewe kwanza ndipo unapajua. Yeye atakugonga begani ukifika.

Nimeomba likizo. Wamesema mpaka Mei.

Mwanao anayekupenda

22 Machi

Kitindamimba wangu,

Marahaba mia moja! Sisi wazima, wewe je? Sogea karibu nikusimulie.

Jumanne saa tisa mchana nilimvalisha shati jeupe, maana kazi ni kazi. Nikamweka mbele ya laptopu, nikamwekea kitambaa kizito juu ya kichwa na skrini ili mwanga usimsumbue, akawa kama mpiga picha wa zamani. Nikalegeza skrubu. Nikavuta. Kijivu, kijivu. Kitu kama moshi kikasimama katikati. Nikataka kuacha, mkono begani ukanisukuma, endelea. Nikaendelea, moshi ukatoweka. Nikarudi. Alinigonga. Nikakaza skrubu nikaingiza kichwa ndani ya kitambaa: mnara, mwanangu! Nikaona nati zake. Nikaona ndege amekaa kwenye waya anajikuna.

Tulikaa wote wawili ndani ya kitambaa kile kama watoto wanaojificha. Nilimwambia nisamehe tepu yako. Akanigonga tena begani, mara moja, vile vile alivyogonga kwa mnara.

Jioni tukarudia kwenye nyota. Nukta. Duara. Mashine ikaishika wala haikuiachia. Tumepata masaa mawili kwa jioni mbili, na kila dakika tano inatoka picha ya kijivu yenye kitu kama pumzi kwenye kioo. Baba yako anaitazama kila moja kama ni ya kwanza. Redio ameitwa aje aone. Amesema, "Mbona ni ukungu?" Nimemsamehe.

Imebaki saa moja tu. Sasa mwezi umeandama na unaanza kukua, tunangoja upite.

Mama yako, mpiga picha za anga

23 Aprili

Mwanangu,

Natumaini ulifika salama na kazini wamekupokea kwa upole. Tangu uondoke baada ya mazishi ya baba yako nyumba imekuwa kubwa. Nakula. Nalala kiasi. Viatu vyake nimeviacha vilipo na sijavipiga rangi, mimi huyu.

Wakati wa msiba waliingiza darubini chumbani ili viti vipate nafasi uani, na mjomba wako akaitoa kamera ndogo akaifunga kwenye kitambaa, kwa usalama alisema. Safari hii sikuwa mimi. Sikukwambia ulipokuwa hapa, ulikuwa na mengi.

Jumatatu mwezi ulikuwa bado mwembamba kama kucha. Nikasema wingu likizama nyuma ya ghorofa ndiyo basi. Mchana niliitoa darubini nje kipande kipande, nikaielekeza kwenye mnara, nikalegeza skrubu. Laptopu niliiweka juu ya ndoo, upande ambao ningeiona nikigeuza shingo. Nikavuta, nikapita, nikarudi. Nilipofika penyewe nilijua. Lakini sikukaza. Nilisimama nimeshika kamera, bega langu linangoja. Muuza maji alipita akanisalimu, nikaitikia bila kugeuka. Kisha nikakaza.

Jioni nilipiga saa iliyobaki, picha kumi na mbili za dakika tano tano. Kwenye daftari nikaandika chini ya mwandiko wake: kumi na mawili, kamili. Mwandiko wangu ni mbaya lakini hesabu ni sahihi.

Kadi ya kumbukumbu yenye picha zote nimeishonea mfuko wa kitambaa, imo ndani ya bahasha hii. Baba yako hakuiona iliyokamilika, nami sitaki kuiona kabla ya wengine. Wewe unajua namna ya kuziunganisha ziwe moja. Iunganishe, ichapishe kubwa kadiri watakavyoweza, uilete mwenyewe mkononi, usiitume. Ukuta nimeshausafisha, msumari nimepiga. Nimewaambia ofisi ya ramani, wajomba zako, daktari, muuza maji, na Redio nimemwambia wa kwanza ili wengine wapate habari bila mimi kutembea. Nimewaambia wote kwamba binti yangu anakuja nayo, Jumamosi ya tarehe tisa Mei, saa kumi jioni.

Mama yako