Kengele ya Albamu ya Tano

Jumatatu, 4 Mei
Saa nne, baada ya chai. Albamu ya kwanza ya bendi ya roki ninayoipenda, spika mbili, mlango umefungwa. Faili zote ni FLAC. Nilizitoa kwenye CD zangu mwenyewe, sauti haijapunguzwa hata chembe. Majirani wanaridhika na simu inayolia kama nzi ndani ya kopo. Shauri yao.

Masikio yangu ni mazima. Mchungaji anasema yamechoka. Jana, mbele ya wazee wote wa kanisa, alinitoa kwenye mixer, mashine ya sauti niliyoiendesha miaka kumi na tisa. Eti akina mama wa viti vya mbele wanaziba masikio kwa leso nikiwa kazini. Kiti changu amempa Mwende, mwalimu wa hesabu. Wa hesabu.

Ziko albamu nane. Moja kwa siku. Kila kitu kidogo ninachosikia nitakiandika kwenye karatasi, kisha nimwekee Mchungaji mezani anirudishie kiti changu.

Jumanne, 5 Mei
Albamu ya pili. Mpiga ngoma anakohoa kabla ya wimbo wa nne. Nimeandika.

Mwende amepiga simu mara tatu. Sikupokea. Najua anachotaka. Kabla sijatoka kanisani nilibandua vibandiko vyote vya majina kwenye mixer. Kinanda, mimbari, sauti ya kwanza, ya pili. Viko kwenye mfuko wa koti langu. Mwalimu wa hesabu atafute.

Jumatano, 6 Mei
Albamu ya tatu nimeikatiza. Kwaya walikuwa na mazoezi na kanisa liko karibu. Spika zao zilipiga mluzi mpaka mbwa wa mji mzima wa Wote wakajibu. Nilifurahi. Sitajidanganya, nilifurahi sana.

Alhamisi, 7 Mei
Ya nne. Karatasi imejaa upande mmoja.

Ijumaa, 8 Mei
Albamu ya tano. Mke wangu, Mama Mutua, alikuwa sebuleni akichambua ndengu. Hajawahi kuupenda muziki huu, anauita kelele za vyuma. Katikati ya wimbo wa pili akauliza, "Na hako kakengele kanalia huko nyuma ni ka nini?"

Kengele naijua. Nilipokuwa fundi redio kijana niliwaonyesha wateja wimbo huo ili wasikie kengele. Nilikuwa nimeshaiandika kwenye karatasi.

Sikuwa nimeisikia.

Nikarudisha nyuma. Akasema, "Hiyo. Hiyo tena." Mimi nasikia gitaa tu. Nikamfokea, nikamwambia aende na ndengu zake jikoni. Akaenda. Ni sebule yake pia.

Jumamosi, 9 Mei
Headphone, sauti mpaka mwisho. Hakuna kengele. Nikarudia albamu ya pili. Hakuna kikohozi. Siku tano nimeandika ninachokumbuka nikidhani ninasikia.

Kwa hiyo kila Jumapili nilikuwa naongeza treble, zile sauti kali za juu, mpaka mimi niridhike, na akina mama wale walikuwa wanaumia kweli. Niliwaona na leso zao. Nilisema ni ushamba.

Mchungaji bado namchukia. Angeniita kando. Miaka kumi na tisa, kisha unaniaibisha mbele ya watu niliowafungia spika kwenye harusi zao na kwenye matanga yao. Karatasi nimeichana.

Jumapili, 10 Mei
Nilifika kanisani kabla ya watu. Mwende alikuwa anafungua nyaya, kwa mpangilio mzuri, lazima nikiri. Nikavitoa vibandiko mfukoni. Gundi imekufa, nikatumia solotepu. Hakuuliza vilikuwa wapi. Akasema tu, "Asante, Baba Mutua," na akanisogezea kiti. Sikukaa hapo. Nilikaa nyuma ya akina mama.

Kwangu kwaya ilisikika kama iko ndani ya gunia. Leso zote zilikuwa mapajani. Mchungaji alinipa mkono. Nikaupokea, basi.

Mchana nilimuomba Mama Mutua msamaha. Nikamuomba pia arudi sebuleni na ndengu zake. Nikaweka albamu ya tano, wimbo wa pili, nikamwambia ainue kidole kila kengele inapolia.

Aliinua mara saba. Kila mara ilikuwa pale pale ninapokumbuka.